Shangazi yangu yumo ndani ya ile asilimia

Tarehe 1 Desemba 2023 nilikuwa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, nimekaa kwenye benchi la fundi simu nikisubiri kioo changu kibadilishwe. Redio ilikuwa inatoa habari za Siku ya UKIMWI Duniani kutoka Morogoro, ambako matokeo ya utafiti wa mwaka 2022/2023 yalikuwa yanatangazwa. Mikoa inayoongoza kwa kiwango cha maambukizi ikasomwa: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Fundi hakuinua hata macho. "Njombe tena," alisema. "Wale watu hawasikii." Kijana aliyekaa pembeni yangu akadakia kwamba mke wa kutoka kule yeye hamchukui hata akipewa bure.

Mimi ni wa kule. Nimezaliwa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia. Nilitaka kujibu, na jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa refu kuliko muda wa kubadilisha kioo cha simu. Nililipa nikaondoka. Jibu lenyewe ndilo hili.

Jioni ile nilimpigia shangazi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza za watoto, kisha akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Nimesikia redioni. Wametuhesabu tena." Akakaa kimya kidogo. "Lakini wangekuja kuhesabu mwaka 2006, mwanangu, bila zile dawa, wasingenikuta."

Shangazi anaishi na virusi vya UKIMWI. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya mradi jina lake nisilitaje. Alipimwa Machi 2005, akiwa na miaka 41. Mume wake, dereva wa malori, alikuwa ameshazikwa miaka saba nyuma kwa kile tulichoambiwa watoto kuwa ni kifua. Shangazi alikuwa anauza chakula karibu na stendi, na nakumbuka jinsi kitenge chake kilivyokuwa kinazunguka kiuno mara mbili, kisha karibu mara tatu, kadiri mwili ulivyokuwa unaisha. Dawa za bure za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa nchini Oktoba 2004, miezi mitano tu kabla. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa mgonjwa asubiri mpaka CD4 zake, yale chembechembe za kinga kwenye damu, zishuke chini ya 200, yaani mpaka kinga ya mwili iwe karibu imebomoka, ndipo aanzishiwe. Shangazi alikutwa na 71. Alianza wiki ile ile.

Sasa turudi kwenye ile asilimia. Watu wa utafiti wanapopita nyumba kwa nyumba wakichukua damu, wanawakuta walio hai. Waliokufa hawana nyumba ya kugongwa hodi. Shangazi angekufa mwaka 2006, asilimia ya Njombe ingekuwa chini kwa mtu mmoja. Zidisha huyo mmoja kwa wote walioanza dawa kabla ya wakati wao kuisha, Makete, Ludewa, Wanging'ombe, Mufindi, Kilolo, Rungwe, utaona kwamba namba inayosomwa redioni kama aibu ya mkoa imebeba ndani yake watu ambao dawa iliwazuia kuingia kaburini. Hilo ndilo nililoshindwa kumwambia fundi.

Kuna namba mbili, na vichwa vya habari huzichanganya kila mwaka. Moja ni kiwango cha maambukizi: kati ya watu mia waliopo leo, wangapi wanaishi na virusi, bila kujali walivipata lini. Ya pili ni maambukizi mapya: mwaka huu, wangapi ambao hawakuwa navyo wamevipata. Nyumbani tulikuwa na kihenge cha mahindi. Ukichungulia kihenge mwezi Januari ukakuta kimejaa hadi nusu, huwezi kujua kama mavuno ya Julai yalikuwa makubwa au kama nyumba ile ina walaji wachache. Inabidi uulize mangapi yaliingia. Kuhusu ugonjwa huu, karibu kila anayetutaja sisi wa nyanda za juu kusini huwa anachungulia kihenge tu.

Mimi niliyekulia Makambako ya miaka ya tisini, sihitaji kuambiwa kwamba ugonjwa ulikuwepo. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeshatoa taarifa ya wagonjwa. Kwetu ulifika kimyakimya halafu ukasimama. Mafundi seremala wa kando ya barabara walikuwa wakitengeneza vitanda na milango; nilipofika darasa la sita, kilichokuwa kimeegemezwa ukutani nje ya karakana zao asubuhi ni majeneza, na mengine yalikuwa mafupi. Watu walisema fulani amekanyaga waya, au amerogwa na ndugu wa marehemu mume wake. Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa tarehe 31 Desemba 1999. Kijijini kwa bibi yangu walikuwa wameshachoka kuchimba.

Hata hivyo, kupima kwa namba kulichelewa. Mwanzoni makadirio yalitegemea damu za wajawazito kliniki na za wachangia damu. Utafiti wa kwanza wa taifa uliokwenda majumbani ulifanyika mwaka 2003/2004. Taifa lilikuwa na asilimia 7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Mbeya ilikuwa 13.5 na Iringa 13.4. Mwaka 2007/2008 taifa likashuka kidogo chini ya 6, Mbeya ikashuka kuwa kama 9, lakini Iringa ikapanda karibu na 16, ya kwanza nchini kwa mbali. Kisha ukaja ule wa 2011/2012, na hapo Iringa ikasomwa 9.1.

Nakumbuka furaha ya siku ile. Nilikuwa Iringa mjini, na watu walisema kampeni zimefanya kazi, kutoka karibu 16 hadi 9 kwa miaka minne. Kampeni zilifanya kazi, sikatai. Ila jambo jingine lilikuwa limetokea katikati: Machi 2012 mkoa wa Iringa uligawanywa, na wilaya za kusini zikawa mkoa wa Njombe. Utafiti ule uliripoti kwa mipaka mipya. Njombe, mkoa ambao ndio kwanza umezaliwa, ulisomwa asilimia 14.8 na kukabidhiwa nafasi ya kwanza nchini, nafasi ambayo haujaiachia hadi leo.

Niliwahi kukaa na kalamu nikairudisha ramani ilivyokuwa. Sensa ya 2012 iliikuta Iringa na watu 941,238 na Njombe na watu 702,097. Ukiipa kila asilimia uzito wa watu wake, Iringa ya zamani isiyogawanywa inakuja kama asilimia 11.5. Ni hesabu ya kalamu tu, maana nimetumia watu wote badala ya wale wa miaka 15 hadi 49. Lakini inatosha kuonyesha kwamba mteremko wa kweli ulikuwa kutoka karibu 16 hadi kati ya 11 na 12. Sehemu iliyobaki ya ile furaha ilitokana na mpaka. Hakuna aliyedanganya. Ni kwamba tulilinganisha nyumba nzima na chumba chake kimoja.

Mbeya nayo iligawanywa, mwaka 2016, upande wa Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba ukawa Songwe. Kwa hiyo anayechora mstari wa Mbeya kutoka 2003 hadi leo anachora mikoa miwili tofauti kwa wino mmoja.

Halafu kuna umri. Tafiti tatu za mwanzo zilitoa asilimia zao kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Kuanzia 2016/2017 hesabu kuu haikukomea tena kwenye 49. Shangazi alifikisha miaka 50 mwaka 2014. Kwa kipimo cha zamani angekuwa ametoka kwenye asilimia mwaka huo, bila kupona na bila kufa. Kwa kipimo kipya amerudi, akiwa na miaka 58 wakati wa utafiti wa mwisho, anafuga kuku na kuimba kwaya ya akina mama. Iringa ilipotoka 9.1 kwenda 11.3 mwaka 2016/2017, magazeti yaliandika kwamba maambukizi yamepanda. Sehemu ya kupanda huko ni wazee kama yeye, ambao zamani hawakuwepo kwenye hesabu na, kabla ya dawa, hawakuwepo duniani.

Sasa kile ambacho kila mtu angetaka kujua: mavuno ya mwaka huu ni mangapi? Njombe, Iringa na Mbeya, watu wangapi wapya? Namba hiyo kwa mkoa mmoja mmoja haitoki kwenye tafiti hizi, na sababu yake inaeleweka ukiifuata taratibu. Kipimo cha kawaida kinasema ndiyo au hapana. Kujua kama ndiyo hiyo ni ya miezi michache, maabara hupima jinsi kingamwili za mtu zinavyoshikilia virusi. Kingamwili changa hushika kwa ulegevu; zikikomaa hushika kwa nguvu. Zinazolegea huonekana ni za maambukizi ya karibuni, lakini hata mtu aliye kwenye dawa muda mrefu kingamwili zake zinaweza kuonekana hivyo hivyo, kwa hiyo wanaangalia pia wingi wa virusi na kama kuna dawa kwenye damu. Baada ya mchujo huo wote, kati ya watu wazima zaidi ya 30,000 waliopimwa nchi nzima wanabaki wachache sana, wanaotosha kukadiria taifa tu. Ukiwagawa kwa mikoa, mkoa unaweza kubaki na mmoja au asiwepo kabisa.

Kwa hiyo tunaijua ya taifa. Maambukizi mapya kwa mwaka yalikadiriwa 72,000 mwaka 2016/2017 na 60,000 mwaka 2022/2023. Ni asilimia 0.18 ya watu wazima wasio na virusi, yaani watu 18 katika kila 10,000 kwa mwaka, na kwa wanawake kasi ni kama mara mbili ya wanaume. Inashuka. Inashuka polepole mno kwa mtu anayejua maana ya watu 60,000: ni kama 164 kila siku. Leo, kesho, Jumapili, sikukuu.

Kwa mikoa, njia ya kuchungulia mavuno bila mashine za maabara ni kuwatazama vijana. Binti wa miaka 19 hana historia ndefu nyuma yake. Akikutwa na virusi, na kama hakuzaliwa navyo, kuna uwezekano mkubwa amevipata miaka michache hii hii. Kitaifa, kwa vijana wa 15 hadi 24, ilikuwa asilimia 2.0 mwaka 2011/2012 na 1.4 mwaka 2016/2017. Ningekuwa na mamlaka, taarifa ya kila mwaka ya Njombe ingeanza na ukurasa wa majibu ya vipimo vya hudhurio la kwanza la wasichana wenye mimba kliniki, na ile asilimia kubwa ingewekwa nyuma.

Kwa nini sisi, lakini? Swali hili nimeulizwa Dar, Arusha, Dodoma, na mara nyingi muulizaji anakuwa na jibu lake tayari: tabia. Wengine hutaja ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ninaomba nilichukue polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa.

Barabara ni sehemu ya jibu. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilipita Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tunduma, reli ya TAZARA, iliyoanza kazi miaka ya sabini, ikaungana nayo Makambako, na malori yalikuwa yakikaa mpakani siku nyingi yakisubiri karatasi. Mwaka 2000 watafiti wa Mbeya waliwafuatilia wanawake 600 wanaofanya kazi kwenye baa za mkoa huo. Walipoanza, 68 kati ya kila 100 walikuwa tayari wana virusi. Nikiisoma namba hiyo huwa nawafikiria wenyewe: mwaka 2000, dawa za bure zilikuwa bado miaka minne. Katika kazi ile ile walitibiwa kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa kila miezi mitatu, na kisonono kilipungua sana kati yao. Huduma ilipowafuata, waliipokea. Anayesema watu wa baa hawasikii hajawahi kuwapelekea kitu cha kusikia.

Hata virusi vyenyewe vina simulizi ya njia. Mbeya ni mahali ambapo aina C, inayotawala upande wa Zambia, Malawi na kusini zaidi, ilikutana na aina A na D zilizoshuka kutoka upande wa Ziwa Victoria. Wataalamu walikuta mbegu zilizochanganyika, na hata mtu mmoja mwenye aina mbili kwa pamoja. Ni sawa na lugha za sokoni Mwanjelwa: unasikia Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kikinga na Kinyamwanga ndani ya dakika kumi.

Ila barabara haielezi Makete. Makete iko juu milimani, mbali na malori, na bado ilipigwa mapema na vibaya, mpaka ikajulikana nchini kwa nyumba ambazo bibi na babu wanalea wajukuu peke yao. Makete inaelezwa na miguu ya watu wake. Wakinga ni wafanyabiashara, wanatoka kwenda Mbeya, Njombe, Dar, wanakaa miezi, wanarudi kupanda viazi na kuzika. Na kutoka kwenda kutafuta hakukuanza jana. Ukoloni uliwachukua vijana wa nyanda hizi kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na WENELA, shirika la kuandikisha vibarua wa migodini, ikawachukua wengine kutoka Rungwe na jirani kwenda migodi ya Afrika Kusini. Babu yangu alikwenda Tanga mara mbili. Vizazi vitatu vya ndoa zinazoishi mbalimbali vilijengwa na mahitaji ya mashamba ya watu wengine, halafu virusi vilipofika vikakuta njia imeshachongwa.

Na tohara. Kwa Wahehe, Wabena na Wakinga, tohara ya wanaume haikuwa mila iliyoenea kama jando la pwani na kusini mashariki. Mwaka 2007/2008 Iringa ilikuwa na chini ya wanaume wanne waliotahiriwa katika kila kumi. Kati ya 2005 na 2007 majaribio matatu, Afrika Kusini, Kenya na Uganda, yalionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Ukiiweka ramani ya tohara juu ya ramani ya virusi, Lindi na Mtwara upande mmoja, sisi upande mwingine, sehemu kubwa ya fumbo la "tabia" inajieleza bila kumtukana mtu.

Katikati ya mwaka 2010 kampeni ya Iringa ilitahiri watu zaidi ya 10,000 kwa wiki sita. Nilimsindikiza binamu yangu. Walipendelea Juni hadi Agosti kwa sababu kwetu watu wanaamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi, na wahudumu walikuwa na busara ya kuifuata kalenda yetu. Foleni ilianza alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye bati la zahanati, vijana wamevaa makoti na chini wamejifunga kanga za mama zao. Walikuwemo wanaume wenye mvi. Mmoja alikuja na mwanawe wakaingia pamoja. Watu hawa ndio wanaosemwa hawasikii.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote: lile neno la fundi lina kazi linayoifanya. Mtu akishagundulika, akimeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limefanyiwa utafiti kwa maelfu ya wapenzi na Shirika la Afya Duniani linalisema wazi. Kwa hiyo chanzo kikubwa cha wale 164 wa kila siku ni walio na virusi na hawajui. Mwaka 2016/2017, kati ya watu wazima 100 wenye virusi nchini, kama 61 tu walijua. Mwaka 2022/2023 walikuwa 83. Kati ya wanaojua, 98 kwa mia wako kwenye dawa, na kati ya hao 94 kwa mia virusi vimefubazwa. Shida imebaki mlangoni, kwenye kupima. Wanaume wako nyuma, na vijana wako nyuma. Na kila mwaka tunapoutangaza mkoa kama mkosaji, tunamwongezea kijana wa Makambako sababu ya kupita mbali na mlango ule.

Namjua mtu wa Njombe anayechukua dawa zake Mbeya ili asikutane na jirani kwenye benchi la kliniki. Nauli kwenda na kurudi anaitoa kwenye pesa ya mbolea. Mwaka mmoja nauli ilikosekana, akakaa miezi miwili bila dawa. Shangazi mwenyewe, miaka ya mwanzo, alikuwa anaweka pamba ndani ya kopo la vidonge ili lisilie akitembea, akalizungushia kitambaa, akalitia katikati ya unga. Vidonge vya wakati ule vilimtia ganzi ya miguu mpaka akawa hahisi kama kandambili imemtoka. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, anachukua cha miezi sita kwa mpigo, na kopo linakaa wazi kwenye kabati la vyombo karibu na majani ya chai.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulishika vichwa. Huduma nyingi za nyanda hizi, kuanzia vipimo hadi mishahara ya wanaokwenda kuwatafuta waliopotea kliniki, zilikuwa zimejengwa juu ya fedha hizo kwa zaidi ya miaka 20. Shangazi hakuniuliza habari za siasa. Aliniuliza kama anunue vya akiba, na kama vinauzwa wapi. Alikuwa na vya miezi minne kabatini, na aliniambia amevihesabu mara mbili usiku ule.

Juni iliyopita nilikwenda nyumbani. Makambako ilikuwa na baridi ile inayopita kwenye soksi. Mjukuu wa shangazi, kijana wa miaka 20 anayeendesha bodaboda na msimu wa parachichi anabeba kreti kwenye mashamba ya kuelekea Njombe, alikuwepo. Mfukoni alikuwa na pakiti ya kipimo cha kujipima mwenyewe, alichopewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijiweni kwao. Tangu sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2019 jambo hilo linaruhusiwa, na kijana wa kuanzia miaka 15 anapima bila ridhaa ya mzazi. Alikuwa nacho siku tisa. Alimwomba bibi yake akae naye.

Akapitisha kile kijiti kwenye ufizi wa juu, kisha wa chini, mara moja moja, akakitumbukiza kwenye kichupa cha maji yake. Maelekezo yalisema dakika 20. Shangazi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa mbili, na redio ilikuwa imewashwa kwa ajili ya taarifa ya habari, kwa sababu tangu 2005 ile ngoma ya kuashiria habari ndiyo humkumbusha kumeza. Ikalia. Akafungua kabati, akatoa kopo, akameza kidonge chake kwa chai ya maziwa, mbele yetu, akarudi kukaa. Kijana alikuwa anatazama sakafu. Hakuna aliyeizima redio.

Ulitokea mstari mmoja. Alikishika kile kijiti karibu na taa, akakigeuza, akaniomba nami nitazame. Mmoja. Akavuta pumzi, akauliza ingekuwa miwili angefanya nini.

Shangazi akamwambia wangekwenda wote asubuhi kituo cha afya kuhakikisha kipimo, maana hata yeye siku zake za kuchukua dawa zilikuwa zimekaribia, na kwa pikipiki yake wangewahi kabla foleni haijawa ndefu.